Safari ya Kwenda Kulala

Bibi Kaneza alipofariki, watu wa Kanazi walisema sasa Deodata atanenepa. Walisema kwa wema. Walikuwa wamemwona miaka nenda rudi akimtoa mama mkwe wake nje asubuhi ili aote jua, akimrudisha ndani, akifua mashuka yake na kuyaanika ua wa nyuma ambako macho ya wageni hayafiki. Kila aliyepita njia ya shambani alimkuta ameinama juu ya kitu. Kwa hiyo matanga yalipoanuliwa na misa ikasomwa, wakasema haya, mama wa watu naye apumzike.

Deodata hakunenepa. Masikio yake yalikuwa bado kazini. Akiwa kwenye migomba anapunguza majani makavu, ghafla angesimama na kisu mkononi, kichwa kimeelekea nyumbani, akasikiliza. Hakuna aliyeita. Angeendelea kukata, na baada ya muda kidogo angesimama tena. Usiku aliamka nyakati zilezile alizozoea kumgeuza mgonjwa ubavu, akakaa kitandani, miguu chini, akingoja kukumbuka kwamba hakuna wa kugeuzwa. Mchana alitembea kama mtu aliyeshushwa kwenye lori baada ya safari ndefu, mwili uko hapa, mwendo bado uko barabarani.

Aliyeliona hilo kwanza ni Francisca, binti yake aliye muuguzi Mwanza. Siku za matanga alimwona mama yake akitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote bila kukunja uso. Aliporudi kazini akampigia kaka yake Derick, akamwambia, "Mama amekwisha. Tusipomtoa pale nyumbani tutarudi kuzika tena."

Derick alikuwa akifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, na kwa kuwa aliziona meli kila siku, alijihesabu mjuzi wa meli zote. Kwake hapakuwa na la kufikiri. Alituma sauti kwenye simu ya kupangusa ya baba yake, Juvenali, maana ya Deodata ilikuwa kitochi cha kupokea na kupiga tu. Juvenali akaifungua mezani, ikapiga kelele nyumba nzima.

"Mama, tunakupeleka kruzi! Ni meli ya kitalii. Ni hoteli kabisa, ila hoteli yenyewe inatembea. Unalala Zanzibar, unaamka Komoro. Unalala tena, unaamka Shelisheli. Minazi, mchanga mweupe, maji ya vuguvugu. Kazi yako ni kula na kutazama."

Deodata alikuwa anamenya ndizi. Akamuuliza mume wake, "Anasema niamke wapi?"

"Komoro."

"Saa ngapi?"

Juvenali alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani.

Juvenali alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa karani wa chama cha ushirika wa kahawa hadi alipostaafu, kisha akabaki na mibuni yake, mbuzi wake, na redio. Hakuwa mume mbaya. Hakupiga, hakulewa ovyo, hakukosa misa. Mama yake alipoanza kulala kitandani, alinunua godoro zuri, akanunua na dawa kila zilipoandikwa, na akaona kwamba yaliyobaki ni kazi ya wanawake, kama walivyoona wanaume wote aliowajua. Deodata naye aliona hivyo hivyo. Hakuna aliyemlazimisha. Ndivyo mambo yalivyokwenda, siku moja ikiita nyingine.

Basi ikaanza kazi ya kuchagua meli. Derick alituma picha za meli kubwa, ghorofa juu ya ghorofa, zenye mabwawa ya kuogelea, kana kwamba maji ya bahari hayatoshi. Francisca akasema meli hizo ni za watu wanaopenda pilikapilika. Mama achukue boti tu kutoka Dar hadi Unguja, akae hoteli ya pwani. Derick akajibu kwamba Unguja wanakwenda hata wanafunzi. Wakabishana mpaka simu ya Juvenali ikawa inalia wakati wa sala ya jioni. Kila mara mmoja wao alimaliza kwa kusema, "Mama, wewe unasemaje?" na kila mara Deodata alijibu, "Mtakavyoona."

Kisha habari zikafika Kabanga.

Adelfina, mdogo wake Juvenali, alikuwa na duka la vitenge pale Kabanga, karibu na mpaka, na wateja wake wengi walitoka ng'ambo ya Burundi. Alikuwa mwanamke mwenye sauti, mkarimu kwa vitu. Kila alipokuja kumwona mama yake alileta sukari, sabuni na kitenge kipya, akakaa kitandani pembeni ya mgonjwa, akalia kidogo, akaondoka kabla ya chakula kwa sababu duka limeachwa na mtu asiyeaminika. Magoti yake yalikuwa mabovu, presha ilimsumbua, na alivitaja vyote viwili mara kwa mara.

Alikuja Kanazi kwa bodaboda, akashuka akishika kiuno.

"Wifi yangu," akasema, "nimesikia habari za meli. Nimefurahi mpaka nimelia. Na nimesema, huyu hawezi kwenda peke yake baharini. Mama alikuwa mama yangu pia. Hata mimi nimechoka. Tutakwenda wote."

Deodata akamwangalia. Kulikuwa na maneno mengi ya kusema, lakini kila neno lilikuwa na uzito, na alipojaribu kuliinua akaliona ni zito mno, akaliacha.

"Karibu ukae, wifi," akasema. "Nikuletee maji ya kunawa."

Watoto wakakubali, kwa heshima ya shangazi. Derick akasema ni vizuri, watakuwa wawili, watasaidiana. Juvenali akasema yeye atabaki na mbuzi. Ikapangwa siku ya kwenda wote watatu Ngara mjini kwa Zulfa, wakala wa safari, kukamilisha mambo.

Ofisi ya Zulfa ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi. Babu yake Abdulkadiri alikuja kutoka Pangani enzi hizo na biashara ya chumvi na nguo, akaoa, akazikwa Ngara, na familia ikabaki. Zulfa aliuza tiketi za mabasi, alisajili laini za simu, na mwaka huo alikuwa ameandika kwenye ubao wa mlangoni kwa rangi nyekundu: SAFARI ZA MELI NA VISIWA, HANIMUUNI, LIKIZO. Aliwapokea vizuri.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba," wakajibu wote watatu, na Adelfina akawahi kiti chenye mto.

"Niseme kweli kabla hatujaanza," alisema Zulfa. "Mimi mwenyewe sijapanda meli kubwa. Watu husikia jina langu wakadhani nimezaliwa na kasia mkononi. Nimezaliwa hospitali ya hapa hapa. Ila nina watu wangu Dar na Unguja, na wote nawaamini. Kwa hiyo mama, niambie unatafuta nini, nikwambie ipi inakufaa."

Deodata akafungua mdomo. Adelfina akajibu.

"Ile kubwa. Yenye lifti. Mimi magoti yangu hayawezi ngazi."

Zulfa akamtazama Deodata kidogo, kisha akaendelea na kazi yake. Akaeleza kwamba meli ile hukaa baharini zaidi ya wiki. Abiria hushuka kila kisiwa asubuhi, hupelekwa kutazama soko na maporomoko, hurudishwa mchana, jioni kuna muziki. Mtu akichelewa, meli haingoji. Pasipoti inatakiwa, na chanjo. Chakula kipo muda wote. Akawaonyesha chumba kwenye simu yake, kidogo, safi, chenye kidirisha cha duara na vitanda viwili, kimoja juu ya kingine.

"Cha chini changu," alisema Adelfina. "Mimi usiku huamka mara nyingi, miguu inakufa ganzi, lazima nikandwe ndipo nilale. Lakini hilo halina shida. Wifi yupo. Amezoea."

Aliyatamka hayo kwa upendo kabisa. Hata alimgusa Deodata goti.

Deodata aliitazama picha ya vitanda. Akajiona yuko pale juu, macho wazi gizani, akisikiliza pumzi za mtu chini yake, akingoja kuitwa. Kitu fulani kikamtoka, si hasira, maana hasira inataka nguvu. Kilikuwa kama kamba iliyoshika ndoo kisimani, imekatika taratibu, uzi baada ya uzi.

"Siendi," alisema.

"Unasemaje, wifi?"

"Sitakwenda na hiyo meli. Nenda wewe. Nimezoea, ndiyo. Nimezoea sana. Ndiyo maana sitaki."

Zulfa aliishusha simu mezani bila kelele. Adelfina alibaki amefungua mdomo, kisha macho yakajaa machozi, na machozi yake yalikuwa ya kweli, kwa maana hakuwa mtu wa kuigiza. "Mimi ndiye mzigo leo?" akauliza. "Mbele za watu? Kaka, unasikia?"

Juvenali alikuwa anasikia. Alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, kofia magotini, akiigeuza taratibu kwa vidole.

"Nasikia," akasema.

Walirudi Kanazi wao wawili. Adelfina alikuwa ameshika njia ya Kabanga. Deodata aliingia chumbani na viatu vyake, akalala ameelekea ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakupika chakula cha jioni. Alisikia mume wake akitembea jikoni, akifunua sufuria, akifunika. Baadaye akaja akasimama mlangoni.

"Mama Derick. Unataka nini?"

Alikuwa ameuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia katika kijiji kigeni. Deodata alitafuta jibu ndani yake kwa uaminifu wote, na hakulipata. Ilikuwa kama kuingiza mkono kwenye gunia ukakuta mshono wa chini.

"Usiniulize, Baba Derick," akasema ukutani. "Mnaniuliza nyote. Unataka hii, unataka ile. Mimi nimechoka hata kuchagua chumvi ya kutia. Chagua wewe. Ukikosea, basi. Lakini chagua wewe."

Siku ya pili Juvenali alivaa koti lake la kanisani, akaenda mjini peke yake. Aliyoongea na Zulfa huko, Deodata aliyasikia baadaye kwa Zulfa mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye kiti kile chenye mto, akakataa kuonyeshwa picha, na akauliza swali moja tu: ipi kati ya safari hizo ina watu wachache kuliko zote? Zulfa akafikiri. Akamwambia, mzee, kama ni hivyo, achana na bahari. Kisiwa kipo hapa hapa ziwani. Rubondo. Ni hifadhi ya taifa. Hakuna kijiji, hakuna soko, hakuna muziki. Mnapita Biharamulo, mnashuka hadi Muganza, mnachukuliwa na boti. Kuna nyumba ndogo za wageni, ila zile nafuu mtu huenda na chakula chake na kupika mwenyewe.

"Nani atapika?" alikuwa ameuliza Zulfa.

Juvenali alikuwa amevua kofia, akaiweka mezani. Kisha akasema, "Andika majina mawili."

Derick hakufurahi. Alipiga simu akasema, "Baba, hiyo si kruzi, hiyo ni boti. Mama ametoka kwenye migomba mnampeleka kwenye miti?" Francisca akamnyamazisha. Aliyekuwa mgumu ni Adelfina. Alikuwa amewapigia ndugu wa Bukiriro, wale wa Rulenge, na katekista, akiwaambia kwamba kabla hata udongo wa kaburi haujashikana, mke wa kaka yake amekwisha kuikana familia. Jioni moja simu ya Juvenali ililia akiwa kati ya mibuni, na kwa kuwa masikio yake yameanza kuwa mazito, alizoea kuweka sauti ya nje. Deodata, aliyekuwa anaokota kuni upande wa pili wa ua, alisikia kila kitu.

"Kaka, mimi nimemkosea nini huyo mwanamke?"

"Hujamkosea."

"Basi kwa nini ananitenga? Mama alikuwa wetu sote!"

Juvenali akavunja kijiti cha mbuni.

"Mama alikuwa wetu sote, Adelfina," alisema Juvenali. "Lakini mimi na wewe tulimtembelea. Mimi nilimtembelea nikiwa ndani ya nyumba hii hii. Mwache mke wangu akalale."

Deodata alisimama na kuni zake mkononi. Hakusogea mpaka alipomsikia mume wake akikohoa na kurudi kwa mbuzi. Kisha akaziweka kuni jikoni, akakaa juu ya kinu.

Waliondoka kwa basi la asubuhi. Likapita Lusahunga, likashika njia ya Biharamulo, na Deodata akatazama dirishani misitu ikikimbia nyuma bila kuona kitu. Biharamulo walilala nyumba ya wageni iliyo karibu na soko. Asubuhi, Juvenali alipotoka kunawa, alirudi akamkuta mkewe amekunja mashuka ya watu, amefagia chumba, na sasa anatafuta kitambaa afute dirisha. Alimshika mkono. Alimwondolea ufagio, akauegemeza ukutani. Walinunua ndizi za kupika, dagaa, nyanya, vitunguu na mafuta sokoni, na Juvenali ndiye aliyebeba kikapu. Mwenye duka akamuuliza kama mama anaumwa.

"Amechoka," alijibu.

Muganza, ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya bati. Boti ya hifadhi ilikuwa na mtu wa injini na askari mmoja wa kike, kijana mwenye sare ya kijani, aliyejitambulisha kwa jina la Nice. Aliwavisha majaketi ya kuelea, akawafunga kamba kifuani kama watoto wa shule. Abiria walikuwa wao wawili peke yao.

Walipofika katikati, upepo mdogo ukaanza na boti ikawa inapanda na kushuka. Juvenali, aliyekuwa hajawahi kupanda chombo cha maji tangu azaliwe, akabadilika rangi. Akainama upande wa boti, akatapika. Kabla hata hajamaliza, Deodata alikwisha simama, kanga mkononi, mkono mmoja umenyooshwa kumshika paji la uso, mwingine unatafuta maji. Boti ikayumba.

"Mama, kaa!" alisema Nice. Akamshika bega akamketisha, si kwa ukali. "Hii ni kazi yangu. Nalipwa kwa hii."

Deodata akakaa. Mikono yake haikujua pa kwenda. Akaikunja mapajani, akamwangalia msichana yule akimsafisha mume wake, akimpa maji, akimwambia tazama mbali mzee, usitazame chini. Alikuwa anafanya vizuri. Alikuwa na mikono myepesi. Ilimchukua Deodata muda kufahamu kwamba anaweza kutazama pembeni, na alipotazama pembeni aliona kisiwa, kirefu, cheusi kwa msitu, na ndege weupe wamekaa juu ya jiwe moja majini. Hakuona uzuri wake. Aliona tu kwamba hapakuwa na nyumba hata moja.

Nyumba yao ndogo ilikuwa karibu na maji, ina vitanda viwili, baraza, na pembeni jiko la wageni wote, ingawa wageni wengine hawakuwapo. Nice aliwaeleza mambo ya viboko, kwamba wasitoke ovyo giza likiingia. Akauliza kama kesho wangependa kutembezwa msituni kuona nzohe, wale swala wa kwenye matete, na wakibahatika, sokwe.

Deodata alikuwa amekaa kitandani kuvua viatu. Alisikia mpaka neno nzohe.

Alipofumbua macho kulikuwa na jua, na kwa muda hakujua ni jua la siku ipi. Viatu vilikuwa vimevuliwa na kuwekwa sambamba. Alikuwa amefunikwa. Harufu ya kitu kinachoungua iliingia dirishani. Aliruka, akatafuta kanga, akaenda mbio mpaka jikoni, na huko akamkuta Juvenali akiwa amevua shati, macho mekundu kwa moshi, akipigana na sufuria ya ndizi. Maganda yalikuwa kila mahali. Kidole kimoja alikuwa amekifunga na kipande cha leso.

"Nimelala usiku wote?" aliuliza Deodata.

"Usiku wote, na asubuhi. Nimekwenda msituni nimerudi. Nilikuita, hukuitika."

"Hukuniamsha?"

"Nilikuita mara moja, kwa sauti ndogo."

Alimwekea chakula barazani. Ndizi zilikuwa zimeungua upande mmoja na upande mwingine hazijaiva, na dagaa walikuwa na mchanga. Deodata akala. Juvenali naye akala, akitafuna kwa uangalifu, na mchanga ulipogota kwenye meno yake alitazama ziwani. Alimwambia aliona nyayo za tembo, na nzohe wawili waliosimama majini mpaka magotini, na kwamba yule binti anajua majina ya miti yote. Furukombe mmoja, tai wa ziwani, alilia kutoka juu ya mti mkavu, mwenzake akaitikia ng'ambo.

"Baba Derick," alisema Deodata. "Ulikuwa unamsikia usiku, akiita?"

Juvenali alitua kijiko.

"Nilikuwa namsikia."

"Nilijua."

Hakujitetea. Hakuomba radhi pia, na Deodata akashukuru, kwa sababu radhi nayo ingetaka jibu, na jibu lingekuwa kazi. Alisukuma sahani. Kisha, bila kutazamia, akasikia sauti ya Bibi Kaneza, si ile ya kuita bali ile ya zamani, ya mwanamke mwenye nguvu aliyembeba Derick mgongoni akiimba kwa Kihangaza, lugha ya kwao, huku akipepeta maharage. Akaikumbuka miezi ya mwisho, bibi alipokuwa hamtambui mtu, jinsi alivyomshika kidole na kumwita mama. "Mama, upo?" Na yeye alikuwa akijibu, "Nipo." Kila siku. "Nipo, nipo."

Alilia. Siku ya mazishi alikuwa akihesabu masufuria na kutafuta viti vya mapadre, hakulia. Siku za matanga alipika. Sasa alilia pale barazani, kifua kikipanda na kushuka, kamasi zikitoka kama mtoto, akilia kwa ajili ya mama mkwe wake aliyemchosha hadi mifupani na ambaye, kumbe, alikuwa amemkosa sana. Juvenali alisogeza kiti chake karibu. Hakumwambia anyamaze. Baadaye alitoa vyombo, akaviosha vibaya, mafuta yakabaki pembeni.

Siku zao nyingine kisiwani Deodata hakufanya kitu. Alilala, akaamka, akakaa, akalala. Hakuona tembo wala sokwe. Nice alimuuliza kama hajapendezwa na hifadhi. Alimjibu, "Nimependezwa, mwanangu. Nimeilala vizuri."

Waliporudi Kanazi, majirani walitaka kusikia habari. Walimtazama usoni, wakatafuta unene, wasiuone. Mgongo wake ulikuwa bado unauma asubuhi, na bado kuna nyakati alisimama kwenye migomba akasikiliza, ingawa si kila siku. Derick alituma ujumbe kwamba mwaka ujao lazima iwe kruzi kamili. Juvenali alizima redio na simu pamoja. Kupika hakukumkolea. Alijifunza uji tu, nao ulikuwa na madonge.

Msimu wa kahawa ulikuwa umeanza Adelfina alipopiga kwenye kitochi cha Deodata mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alikuwa ametoka hospitali, goti limepasuliwa, hawezi kukanyaga. Akaeleza habari za daktari, habari za duka, habari za bei ya vitenge, mpaka akafika.

"Wifi, nilikuwa nasema, kama ungeweza kuja ukakaa nami. Mpaka nipone. Wewe unajua mambo haya."

Deodata alikuwa amesimama mlangoni, simu sikioni. Alisikia mwili wake wote ukiinuka kwenda, kama ulivyozoea. Akaishika fremu ya mlango.

"Pole sana, wifi yangu," akasema. "Nitakuja Jumapili baada ya misa, nikuone. Kukaa sitaweza. Tafuta binti wa kukusaidia. Yule mjukuu wa Frednand wa Bukiriro ana mikono mizuri, nitakuulizia."

Upande wa pili zikasikika honi za mabasi ya Kabanga na mtu aliyekuwa akitangaza bei ya faranga za Burundi.

"Haya, wifi," alisema Adelfina mwishowe. "Nitakungoja."

Jumapili akaenda. Alimkuta Adelfina ameinua mguu juu ya mto, amekonda kidogo, na nywele hazijasukwa. Walisalimiana, wakatazamana, wakazungumza habari za watoto. Deodata alimsukia mistari miwili ya mbele kwa sababu yeye mwenyewe alipenda kusuka. Binti wa Bukiriro alileta chai, wakainywa. Kisha Deodata akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akaaga, akatoka kwenda kutafuta usafiri kukiwa bado kweupe.